Kuhesabu kwa Zamu: Mhadhara juu ya Michezo ya Namba



Nimeombwa nizungumze juu ya hisabati na maisha ya kila siku, nami nimeamua kuzungumzia namba ambazo hazihesabu kitu chochote. Namba tulizozizoea huja na mzigo wake: shilingi ngapi, magunia mangapi, kura ngapi, wangapi wamefaulu. Ipo hesabu nyingine. Mtu anasema moja, mwenzake anasema mbili, wa tatu anasema tatu, na mbele yao hamna ng'ombe wala noti. Kila mmoja anaijua namba inayofuata, kwa hiyo hakuna siri ya kufichuliwa. Hata hivyo watu hucheka, hugombana, na hukesha. Siku hizi wapo wanaohesabu hivyo na watu wasiowahi kuonana nao, kila mmoja na simu yake, usiku wa huyu ukiwa ni mchana wa yule.

Nimefundisha hisabati muda mrefu, na ninaamini kwamba katika michezo hii namba hutoka kwenye daftari na kuwa jambo la watu. Kinachopimwa humo ni usikivu wa mtu kwa mwenzake. Hilo ndilo dai langu la leo, na nitalitetea kwa kuichambua michezo yenyewe.

Nianze na mbio za ishirini. Wachezaji ni wawili. Wa kwanza anataja 1 au 2. Kuanzia hapo kila mmoja, kwa zamu, anaongeza 1 au 2 juu ya namba aliyoitaja mwenzake. Atakayetaja 20 ameshinda. Mchezo wa aina hii ni wa zamani. Mwaka 1612 Mfaransa Claude-Gaspard Bachet alichapisha kitabu cha mafumbo ya namba ya kuburudisha, na ndani yake kuna mbio za kufika 100 ambapo mchezaji huongeza namba yoyote kuanzia 1 hadi 10. Bachet alionyesha kwamba aliyekamata 89 hawezi tena kushindwa, maana mwenzake akiongeza chochote, yeye hujaza pengo hadi 100. Kabla ya 89 ipo 78, kabla yake 67, na hivyo hivyo kurudi nyuma hadi 12 na 1. Anayeijua ngazi hiyo akaanza yeye, mchezo umekwisha kabla haujaanza.

Katika mbio za ishirini ngazi ni 2, 5, 8, 11, 14, 17, 20. Mwalimu mwenye haraka angeiandika ubaoni, watoto wakainakili, kengele ikalia. Mwalimu mmoja wa hisabati nchini Ufaransa, Guy Brousseau, alikataa kufanya hivyo, na kukataa kwake kumeacha alama katika elimu ya hisabati duniani. Aliuchezesha mchezo huu katika shule ya msingi huko Talence, karibu na Bordeaux, akauchunguza, akaufanya mfano mkuu wa nadharia yake ya ufundishaji. Ilipoanzishwa nishani ya Felix Klein kwa watafiti wa elimu ya hisabati, ya kwanza kabisa, ya mwaka 2003, alipewa yeye.

Tazameni alivyoupanga. Kwanza watoto walicheza wawili wawili, bila kuelezwa lolote zaidi ya kanuni. Baada ya michezo kadhaa mtoto huanza kuhisi kwamba 17 ina nguvu, ingawa hajui kusema kwa nini. Kisha darasa liligawanywa makundi mawili. Kila raundi kundi lilitoa mwakilishi mmoja kwenda kucheza mbele, na wenzake hawakuruhusiwa kumnong'oneza. Hapo yule aliyegundua 17 peke yake akajikuta hana faida na ugunduzi wake, maana huenda atakayeitwa mbele si yeye. Ilimlazimu awaeleze wenzake, aeleweke, waamini. Mwisho makundi yalitoa madai waziwazi, kundi la pili likapewa haki ya kuyapinga, na dai lililopingwa lilijaribiwa kwa kucheza. Mtoto wa miaka kumi anasimama na kusema, "Ukitaja 14 umeshinda," mwenzake anajibu, "Thibitisha."

Ninakaa hapa kwa makusudi. Katika shule zetu nyingi mtoto anayeuliza "kwa nini" huonekana anachelewesha somo. Katika mbio za ishirini swali hilo linatoka kwa mtoto mwenzake, na haliepukiki, kwa sababu timu nzima itapoteza pointi. Mwalimu hana haja ya kuwa hakimu. Namba 20 ndiyo hakimu, na hukumu yake haina upendeleo kwa mtoto wa mkubwa wala wa mkulima.

Sisi wenyewe tumekulia michezo yenye mbegu hiyo hiyo. Katika mdako mtoto hurusha jiwe juu, akachota vijiwe kutoka kishimoni na kurudisha vingine kabla jiwe halijatua, na wanaomzunguka humhesabia kwa macho makali kuliko ya mkaguzi. Katika kombolela anayetafuta hufumba macho na kuhesabu kwa sauti ili wenzake wajifiche. Ile hesabu ni muda anaowapa wapinzani wake. Akiziruka namba, wote wanapiga kelele kwamba ameiba. Mtoto wa miaka sita, ambaye darasani anaonekana hajali kama baada ya tisa ni kumi, uwanjani yuko tayari kupigania namba iliyorukwa. Na bao, lenye mashimo 32 na kete 64, linawataka mabingwa wake waone kwa jicho tu kete zitakwisha shimo gani baada ya kuzunguka, kwa kuwa hesabu ya kidole ingewaaibisha barazani. Mtafiti Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar miaka ya 1990 kwa ajili ya kujua akili ya binadamu inafika wapi katika kuhesabu hatua za mbele. Bao linastahili mhadhara wake, kwa hiyo naliacha hapo.

Sasa tuingie katika mchezo wa mduara, ambao kwangu una utajiri kuliko yote. Waingereza huuita Buzz. Watu huketi kwa duara na kuhesabu kwa zamu, lakini namba yoyote inayogawanyika kwa 7, au yenye tarakimu 7 ndani yake, haitajwi. Mwenye zamu hiyo hupiga kofi, na anayefuata huendelea. Atakayekosea amekufa, anatoka nje.

Kutoka 1 hadi 100 kuna namba 30 za kupiga kofi. Vigawe vya 7 ni 14, namba zenye tarakimu 7 ni 19, na tatu kati yake, yaani 7, 70 na 77, zimo kote kuwili. Namba hizo 30 hazikutawanyika sawasawa, na uzuri wa mchezo umo hapo. Mwanzoni makofi ni ya nadra: 7, 14, 17, 21. Kisha inakuja 27 na papo hapo 28. Wengi hufa kwenye 28, kwa sababu kofi la 27 limewalegeza, wakadhani hatari imepita. Wanaosalia huvuka 35 na 37, wakapita 42, 47 na 49, halafu 56 na 57 zilizoshikana, kisha 63 na 67. Ndipo wanafika 70.

Kuanzia 70 hadi 79 hakuna namba hata moja inayotajwa. Ni makofi kumi mfululizo, mkono baada ya mkono, mdomo umefungwa. Kila mtu anahesabu kimya kichwani mwake na kuamini kwamba wenzake wote wapo kwenye namba ile ile. Kisha zamu inamfikia mtu mmoja, naye lazima afungue kinywa na kusema "themanini". Akisema, duara zima linajua kwamba lilikuwa pamoja muda wote wa kimya. Akipiga kofi la kumi na moja, inajulikana kwamba mmoja alipotea njiani, na huenda si yeye. Sijui zoezi lolote la darasani linaloweza kuwaonyesha watoto thelathini kwa mara moja maana ya kufikiri pamoja kama kipande hiki cha mchezo.

Mchezo ulio ndugu yake, unaotumia 3 na 5 badala ya 7, umepata umaarufu wa aina nyingine. Waajiri wa watayarishaji wa programu za kompyuta huutumia kwenye usaili: andika programu itakayocheza mchezo huu hadi 100. Ni mtihani mdogo, na inasemekana wapo wanaoshindwa. Ninaufurahia utumizi huo, ila mashine inayocheza peke yake imekosa sehemu ninayoipenda.

Watu wa maigizo nao wana hesabu yao. Kundi linasimama kwa duara, vichwa vimeinama, macho yamefumbwa. Lengo ni kuhesabu kutoka 1 hadi 20, na hakuna zamu iliyopangwa. Yeyote anaweza kusema namba inayofuata. Wawili wakisema kwa pamoja, wote wanarudi 1. Hapa hesabu kidogo inatusaidia kuona ugumu unatoka wapi. Tuseme kundi ni stadi kiasi kwamba katika kila namba, mara 9 kati ya 10, mtu mmoja tu ndiye anayesema. Inaonekana ni kundi zuri. Lakini ili kufika 20 lazima bahati hiyo ijirudie mara 20, na 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20 inabaki kama 0.12. Kwa wastani watajaribu mara nane ndipo wafaulu mara moja. Wakiboresha usikivu wao kutoka 9 kati ya 10 hadi 19 kati ya 20, nafasi inapanda hadi 0.36. Wakishuka hadi 8 kati ya 10, inaanguka hadi karibu 0.01.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza maisha ya ule mchezo wa kuhesabu kwa simu nilioutaja mwanzoni. Kanuni zake ni mbili: kila mtu aandike namba moja inayofuata, na asiandike mtu mara mbili mfululizo. Makundi mengine huongeza kanuni kali ya tatu, kwamba ikiandikwa namba isiyo sahihi wote wanarudi 1, na wameweka programu ndogo ya kusimamia, isiyosikia msamaha. Chukueni kundi ambalo wanachama wake hukosea mara 1 tu katika namba 100. Nafasi yao ya kufika 100 bila kosa ni asilimia 37 hivi. Nafasi ya kufika 500 haifiki asilimia 1. Kufika 1,000 ni kama 4 katika 100,000. Wakitaka 1,000 iwe rahisi kwao kama ilivyokuwa 100, lazima kosa lao lishuke hadi 1 katika 1,000. Kwenda mbali mara kumi kunadai umakini mara kumi, na umakini huo lazima uwe wa wote, maana kipaji cha mwanachama hodari hakifidii pupa ya mwingine aliyeandika bila kutazama namba ya mwisho.

Kuna wanaoharibu kwa makusudi. Kundi limefika 812, mtu anaingia, anaandika 5, anatoka akicheka. Nimeulizwa na wazazi kama mchezo unaoweza kuvunjwa kirahisi hivyo una maana yoyote kwa kijana. Mimi naona ndio wenye maana. Kazi ya pamoja inayoweza kuvunjwa na mtu mmoja kwa sekunde moja inawafundisha vijana kitu ambacho mihadhara ya uraia huishia kukitaja tu: kwamba namba 812 ilisimama kwa sababu watu waliamua, mara 812, kutoivunja. Nimewaona wakirudi 1 na kuanza tena, bila hotuba. Wengine hubadili kanuni wakasema kosa lirudishe nyuma kidogo tu, na majadiliano yao kuhusu adhabu ipi ni ya haki yangefaa kusikilizwa na watunga sheria.

Ile kanuni ya kutoandika mara mbili mfululizo inastahili heshima kuliko inavyopewa. Bila hiyo, mwenye muda mwingi angekaa peke yake na kufika elfu usiku mmoja, kisha wengine wangepongeza. Kanuni inamlazimisha asubiri. Anaijua namba inayofuata, kidole kiko juu ya kioo, lakini namba hiyo ni ya mtu mwingine. Ukishaweka sharti hilo, hodari na mvivu wanahitajiana.

Wapo binadamu waliohesabu peke yao, na ukiwatazama tofauti inaonekana. Mwaka 2007 Jeremy Harper, wa Birmingham katika jimbo la Alabama, Marekani, alihesabu kwa sauti kutoka 1 hadi 1,000,000 huku akionekana mubashara kwenye intaneti. Ilimchukua siku 89. Kule Australia Les Stewart alipiga chapa namba zote za kufika milioni kwa maneno, si kwa tarakimu. Alianza 1982 akamaliza 1998. Na mchoraji wa Poland Roman Opałka alianza mwaka 1965, mjini Warsaw, kuchora namba kwa brashi, 1 kwenye kona ya juu kushoto ya turubai, kisha 2, kisha 3, turubai baada ya turubai za ukubwa ule ule. Kuanzia 1972 alikuwa akiongeza asilimia 1 ya rangi nyeupe kwenye mandharinyuma ya kila turubai mpya, hadi namba nyeupe zikawa zinaandikwa juu ya weupe. Alijirekodi akizitaja kwa Kipolandi na kujipiga picha ya uso. Alipofariki mwaka 2011 alikuwa amefika 5,607,249.

Ninamheshimu sana Opałka. Lakini namba zake zilikuwa zinahesabu kitu, nacho kilikuwa uhai wake mwenyewe. Pumzi ilipokatika, hesabu ilikatika. Hesabu ya kundi haikatiki hivyo. Watu 50, kila mmoja akichangia namba 20 kwa siku, hufika milioni kwa siku 1,000, miaka mitatu kasoro kidogo, na katika miaka hiyo mmoja ataolewa, mwingine atahamia Mwanza, mwingine atachoka aondoke, mwingine atarudi akute wenzake wako mbele kwa laki moja na aingie hapo hapo walipo. Namba anayoipata haimdai maelezo ya alikokuwa.

Labda hii ndiyo sababu hesabu ya mchezo haileti hofu. Claudia Zaslavsky, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu hisabati za Afrika, aliandika juu ya jamii zilizochukia kuhesabu watu na mifugo waziwazi, na wengi humu ndani wamewahi kumsikia bibi akikataa kutaja idadi ya wajukuu. Kumhesabu aliye hai kulionekana kumwita mwenye kijicho, au mauti yenyewe. Sidhani wazee hao walikuwa na ugomvi na namba. Walikuwa na ugomvi na namba inayomgeuza mtoto kuwa kitu kwenye orodha. Katika michezo hii mtoto haingii kwenye orodha. Yeye ndiye anayetaja.

Nimalizie na mchezo ninaoupenda zaidi kuufundisha, ule wa kuvutana. Makundi mawili yanaanzia sifuri. Wa kundi la kwanza kila akipata nafasi huongeza 1, wa kundi la pili hupunguza 1. Kundi la kwanza linataka kufika 100, la pili linataka kufika hasi 100. Ni kuvuta kamba, ila kamba ni namba. Swali la mwanafunzi ni hili: ikiwa pande zote zina nguvu sawa, na kila hatua inaweza kuangukia upande wowote, mchezo utachukua hatua ngapi kwa wastani? Wengi hukisia mia mbili au mia tatu. Jibu ni 10,000, yaani 100 mara 100. Namba hupanda, hushuka, hupita sifuri tena na tena, na aliyekuwa na furaha ya 60 jioni huamka asubuhi na kukuta hasi 12.

Sasa punguzeni usawa kidogo tu. Upande mmoja upate hatua 55 katika kila 100, mwingine 45. Kwa lengo la 20 tu, wenye 55 watashinda mara 98 katika 100. Kwa lengo la 100 ushindi wao ni kama wa hakika, na mchezo mzima utaisha kwa hatua kama 1,000 badala ya 10,000. Tofauti ambayo mtazamaji wa siku moja asingeiona inaamua mwisho wote. Vijana wazoefu wanaujua ukweli huu bila fomula. Wakiona upande wao umezidi watu, wapo wanaovuka kwa hiari kwenda kupunguza pamoja na walioelemewa, ili mchezo usife mapema. Nilipouliza kwa nini mtu aache ushindi uliokwisha kuiva, nilijibiwa kwamba wakishinda leo kesho watafanya nini.

Walimu mtakaotaka kuujaribu, chukueni lengo la 20. Ligaweni darasa nusu kwa nusu, wekeni majina yote kwenye kikapu, na kila zamu mvute jina moja na kulirudisha: mwenye jina aongeze au apunguze kulingana na kundi lake. Wastani wake ni zamu 400. Kwa sekunde tatu kila zamu hiyo ni dakika 20, nusu ya kipindi, lakini wastani hauahidi kitu kwa siku moja, na mara nyingine kipindi chote hakitatosha. Kengele ikilia mkiwa kwenye 3, andikeni 3 kwenye kona ya ubao, mwombeni mwalimu wa somo linalofuata asiifute, na muendelee nayo kesho.